Kwa Nini Dawa Hubaki Koponi? Yale Ambayo Tafiti za Tabia Zinatuonyesha Kuhusu Kinga na Tiba ya VVU



Wapendwa waamini, kuna swali ambalo viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wahudumu wa Caritas parokiani hutuuliza mara kwa mara, na karibu daima huliuliza kwa sauti ya chini. Mtu amepimwa na kukutwa na Virusi vya UKIMWI (VVU). Ameanzishiwa dawa bila malipo, amepata nafuu, amerudi shambani na kwenye kwaya. Kisha, baada ya mwaka mmoja au mitatu, anaacha. Siku moja ndugu zake wanatandika kitanda na kulikuta kopo la vidonge chini ya godoro, likiwa nusu au halijafunguliwa kabisa. Kwa nini?

Majibu yanayotolewa barazani ni mepesi: mzembe huyo, mkaidi, hana elimu, amejichokea. Watafiti wa tabia za binadamu wamelichunguza swali hilo hilo kwa zaidi ya miaka 20, na sehemu kubwa ya kazi yao imefanyika hapa kwetu Afrika Mashariki: Mwanza, Shinyanga, Dar es Salaam, Nairobi, Mbarara. Walichokikuta hakifanani sana na majibu ya barazani. Tunapenda kuwashirikisha matokeo hayo kwa kuwa mengi yanaihusu parokia moja kwa moja, na baadhi yake hayatusifu.

Tulipofikia

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa miaka 20 iliyofuata, huduma ya Kanisa ilikuwa hasa kuuguza, kuzika na kulea yatima. Ni katika mazingira hayo PASADA ilianzishwa mwaka 1992 chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam. Kuanzia Oktoba 2004 Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, bila malipo, na sura ya ugonjwa ikabadilika. Leo wagonjwa wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya watu wazima wenye umri wa miaka 15 na kuendelea nchini Tanzania wanaishi na VVU. Kati yao, asilimia 82.7 walikuwa wanaijua hali yao; kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wakitumia dawa; na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Takwimu hizi zinatia moyo sana. Hata hivyo, tukizizidisha asilimia hizo tatu tunabaki na takriban robo tatu ya wote wanaoishi na virusi. Robo iliyobaki ni ya wale ambao hawajapima, pamoja na wale wanaojua hali zao lakini dawa haijatulia katika maisha yao. Hao nao wana majina katika rejesta zetu za ubatizo.

Kujua na kutenda

Tuanze na kinga, kwa sababu ndiko wengi wetu tulikoweka nguvu: semina, mabango, mahubiri ya tarehe 1 Desemba. Msingi wa kazi hiyo yote ulikuwa imani moja kwamba mtu akijua atajilinda.

Mwaka 1999 imani hiyo iliwekwa kwenye mizani mkoani Mwanza. Mradi ulioitwa Mema kwa Vijana uliendeshwa katika jamii 20 za vijijini. Jamii 10 zilipangiwa kwa kura kupata masomo maalumu katika shule za msingi, huduma za afya zinazowajali vijana na uhamasishaji vijijini. 10 nyingine zilibaki za kulinganishia. Miaka mitatu baadaye vijana waliofundishwa walikuwa na ujuzi mkubwa zaidi kuhusu VVU na misimamo bora zaidi. Lakini damu zao zilipopimwa, maambukizi hayakuwa yamepungua. Watafiti walirudi tena mwaka 2007 na 2008 na kuwapima vijana zaidi ya 13,000. Ujuzi ulikuwa bado upo vichwani, na maambukizi yalikuwa bado hayatofautiani. Tunawaheshimu waliofanya kazi hiyo kwa kuyatangaza matokeo ambayo hakuna mfadhili anayependa kuyasikia.

Watafiti wengine waliokwenda kuishi katika vijiji vya Mwanza walieleza sehemu ya sababu. Binti alijua hatari, lakini alihitaji sabuni, mafuta ya kupaka na fedha ndogo ndogo, na zawadi hizo zilikuwa na mtoaji. Watu wazima walisema jambo moja hadharani na kuishi jingine gizani, na watoto waliyaona yote mawili.

Huko magharibi mwa Kenya, utafiti wa mwanauchumi Pascaline Dupas uliochapishwa mwaka 2011 ulijaribu njia nyingine. Wanafunzi wa darasa la nane katika baadhi ya shule walionyeshwa jambo moja mahususi, nalo ni jinsi maambukizi yanavyopishana kwa umri, na kwamba mwanaume mtu mzima ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na virusi kuliko kijana wa rika lao. Mimba miongoni mwa wasichana hao zilipungua kwa asilimia 28. Katika shule ambako walimu walipewa mafunzo ya mtaala wa kawaida, uliokazia kujizuia hadi ndoa, mimba hazikupungua. Kwa sisi tunaofundisha usafi wa moyo, matokeo haya si matamu kuyasoma. Hayasemi kuwa fadhila hiyo ni bure. Yanasema kwamba kuiandika ubaoni hakumwambii binti ni nani anayemhatarisha, wala hakumpi sabuni.

Na bado kuna Uganda. Katika miaka ya 1990 maambukizi nchini humo yalishuka kwa kiwango ambacho hakikuonekana kwingineko barani wakati huo, kabla dawa hazijafika. Uchambuzi wa Rand Stoneburner na Daniel Low-Beer, uliochapishwa mwaka 2004, uliuhusisha mteremko huo na kupungua sana kwa mahusiano ya nje na ya kupita. Uaminifu, basi, uliokoa maisha. Lakini waligundua pia kwamba Waganda walitofautiana na majirani zao katika jambo moja: habari za UKIMWI waliambiana wenyewe kwa wenyewe, ndugu kwa ndugu, rafiki kwa rafiki, badala ya kuzisikia redioni peke yake. Msiba ulipofika nyumbani, kilichomuua marehemu kilitajwa. Jambo hili tuliweke akilini, kwa maana litarudi tena na tena katika tafiti za dawa.

Kopo linalohesabu

Mtafiti atajuaje kama mgonjwa anameza dawa? Akimwuliza, ataambiwa ndiyo. Akihesabu vidonge vilivyobaki, mgonjwa anaweza kuvipunguza nyumbani kabla ya kuja. Ndipo vikabuniwa vifuniko vya kopo vyenye chombo kidogo cha kielektroniki kinachoandika siku na saa kopo linapofunguliwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliotumia vifuniko hivyo, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kati ya waliomeza asilimia 95 au zaidi ya dozi zao, tiba ilishindwa kwa asilimia 22. Kati ya waliomeza chini ya asilimia 80, ilishindwa kwa asilimia 80. Ukali wa maelekezo tuliyoyasikia kliniki kwa miaka mingi, kwamba usikose hata dozi moja, una mizizi katika tafiti za namna hiyo. Dawa za siku hizi humvumilia zaidi anayeteleza siku moja. Anayeacha kwa wiki kadhaa, hata hivyo, huwapa virusi nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu.

Tofauti kati ya maneno na damu ilijitokeza wazi zaidi katika utafiti wa FEM-PrEP, uliochapishwa mwaka 2012. Wanawake 2,120 wasio na virusi, wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, waliingia katika utafiti wa kidonge cha kumeza kila siku ili kujikinga, nusu wakipewa dawa halisi na nusu kidonge kisicho na dawa. Walipoulizwa, asilimia 95 walisema humeza daima au karibu daima. Vipimo vya damu vya waliopewa dawa halisi vilionyesha kuwa hata asilimia 40 hawakufika. Walipohojiwa baadaye kwa upole, wengi walieleza kwamba hawakujiona kuwa hatarini, na kwamba hawakusema ukweli kwa kuogopa kukaripiwa au kuondolewa katika utafiti. Padre aliyekaa miaka mingi katika kiti cha kitubio hatashangazwa na jambo hili. Nesi anayemfokea mgonjwa mbele ya foleni hapati dozi zaidi, anapata uongo.

Mwafrika na saa

Hapa hatuna budi kukumbuka aibu moja ya historia. Mwaka 2001, wakati mjadala wa kuleta ARV Afrika ulipokuwa umepamba moto, Andrew Natsios, aliyekuwa kiongozi wa shirika la misaada la Marekani, alidai kwamba Waafrika wengi hawajui saa, na kwa hiyo wasingeweza kumeza dawa kwa wakati. Watu walikuwa wanakufa huku hoja kama hiyo ikijadiliwa na wakubwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2006, Edward Mills na wenzake walikusanya tafiti 58 zenye wagonjwa karibu 30,000 na kulinganisha. Ufuasi mzuri wa dawa ulionekana kwa asilimia 77 ya wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Kwa wagonjwa wa Amerika ya Kaskazini ulikuwa asilimia 55.

Swali likageuka. Badala ya kuuliza kwa nini maskini anashindwa, watafiti wakauliza anawezaje. Profesa Norma Ware na wenzake walikwenda Jos nchini Nigeria, Mbarara nchini Uganda na Dar es Salaam, wakazungumza na wagonjwa 158, wasaidizi wao wa tiba 45 na watoa huduma 49, wakaandika matokeo yao mwaka 2009. Walikuta watu wanaokopa nauli, wanaoomba nauli, wanaolala na njaa ili siku ya kliniki isipite. Nyuma ya kila mmoja wao alikuwapo mtu: dada anayekumbusha saa, mume anayekatiza kazi, jirani anayetoa fedha ya basi bila kuuliza maswali mengi. Na msaada huo, kama ilivyo misaada yote kwetu, ulikuja na deni lake. Aliyesaidiwa alitazamiwa apone, aonekane amepona, asiwatie hasara waliojinyima kwa ajili yake. Hivyo alimeza dawa kwa ajili ya mwili wake, na alimeza pia ili asiwapoteze watu wake, kwani akiugua tena, hao ndio atakaowahitaji. Kwa maneno ya kwetu, kilichomshika mgonjwa kwenye dawa ni undugu.

Ukiupindua ugunduzi huo, utaona kwa nini kopo hukutwa chini ya godoro. Mgonjwa ambaye hajamwambia mtu yeyote hana wa kumkumbusha, wa kumkopesha nauli, wala wa kumwaibikia akiacha. Kila kidonge anakimeza kwa kificho. Akipata mgeni nyumbani, dozi imepita. Akienda msibani siku tatu, kopo linabaki, kwa sababu kulibeba ni kujitangaza.

Nauli na chakula

Kuna sababu ambazo hazihitaji falsafa. Mkoani Shinyanga, wagonjwa walioanza dawa na wenye upungufu wa chakula nyumbani walipangwa katika makundi matatu. Wa kwanza walipata ushauri wa lishe peke yake. Wa pili waliongezewa Sh. 22,500 kwa mwezi. Wa tatu waliongezewa chakula cha thamani kama hiyo. Baada ya miezi sita, waliokuwa na dawa mkononi kwa angalau asilimia 95 ya siku walikuwa asilimia 63 katika kundi la ushauri, 85 katika kundi la fedha, na 79 katika kundi la chakula. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2017. Utafiti wa pili mkoani humo, wa mwaka 2020, uliwahusu watu wazima 530. Wasiopewa fedha walifubaza virusi kwa asilimia 73, waliopewa Sh. 10,000 kila mwezi walipohudhuria kliniki, kwa asilimia 83, waliopewa Sh. 22,500, kwa asilimia 86.

Tazameni jinsi tofauti kati ya elfu kumi na elfu ishirini na mbili na mia tano ilivyo ndogo. Kwa maoni yetu, elfu kumi haimnunui mtu. Inamlipia bodaboda ya kwenda na kurudi na kumwachia fedha ya unga. Kamati za Caritas zinazoketi kugawa mfuko wa wahitaji zinaweza kulitazama jambo hili, kwa sharti kwamba mwombaji wa nauli asitakiwe kueleza ni kliniki gani anayokwenda.

Mambo? Sawa. Shida.

Kati ya tafiti zote tulizozisoma, huu ndio uliotugusa zaidi, labda kwa sababu uliandikwa kwa lugha yetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008, katika kliniki tatu za Kenya, wagonjwa 538 walioanza ARV waligawanywa kwa kura. Nusu yao walipokea ujumbe mmoja wa simu kila wiki. Haukutaja dawa, haukutaja virusi, wala haukuonya. Ulisema: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, “Sawa” au “Shida”. Aliyejibu “Shida”, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na muuguzi.

Baada ya mwaka, walioulizwa hali walikuwa na ufuasi mzuri kwa asilimia 62, wengine kwa asilimia 50. Waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Ni tofauti kubwa kwa salamu ya neno moja. Wagonjwa walipoulizwa iliwasaidiaje, walisema ilikuwa ni kuhisi kwamba yupo anayewajali.

Utafiti mwingine, wa Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, unatuepusha na shauku ya kupita kiasi. Waliotumiwa ujumbe wa kukumbushwa mara moja kwa wiki walifikia ufuasi wa asilimia 90 au zaidi kwa asilimia 53, ilhali wasiotumiwa walikuwa asilimia 40. Lakini waliotumiwa kila siku hawakuwa bora kuliko wasiotumiwa kabisa. Anayegonga mlango kila asubuhi huchosha. Wanajumuiya wenye bidii wanaombwa walikumbuke hilo.

Aibu inayotoka kanisani

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa miongoni mwa waumini 438 wa makanisa ya Kikatoliki, Kilutheri na Kipentekoste nchini Tanzania, mijini na vijijini. Yaani walioulizwa ni watu kama sisi, wakitoka ibadani. Ulikuta kwamba anayeamini kuwa VVU ni adhabu ya Mungu, au kwamba walioambukizwa hawakulifuata Neno lake, ndiye anayeelekea zaidi kuiona hali hiyo kuwa ni ya aibu. Basi aibu hiyo haitoki mitaani tu. Sehemu yake imefundishwa, na tunajua ni wapi.

Injili ya Yohane, sura ya 9, inatuonyesha wanafunzi wakiuliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Bwana akakataa kulijibu swali kwa namna walivyoliuliza. Sisi tumelijibu mara nyingi mno. Tumesikia sala za waamini zinazowataja wenye VVU katika sentensi moja na walevi na majambazi. Tumesikia tangazo la semina ya UKIMWI likisomwa kwa sauti ya msiba. Mama aliyeambukizwa na mume wake wa ndoa ya sakramenti, na kijana aliyezaliwa na virusi, wote wawili walikuwa benchini wakisikiliza.

Katika utafiti huo asilimia 84.2 walisema kwamba wakiambukizwa wangemwambia mchungaji wao au waumini wenzao. Tulifurahi kuisoma namba hiyo, kisha tukakumbuka wale wanawake wa FEM-PrEP. Kusema kwamba ungesema ni jambo moja. Kuketi mbele ya paroko wako na kufungua kinywa ni jingine.

Asilimia 80.8 waliamini kuwa sala inaweza kuponya VVU, na asilimia 93.7 walisema wangeanza dawa wakiambukizwa. Wengi wetu, basi, tunavibeba vyote viwili bila ugomvi. Hatari huingia pale mtu wa tatu anapomtaka mgonjwa achague. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo walioacha ARV baada ya safari hiyo. Hatuwacheki, mtu anayeumwa hutafuta uzima popote anapoambiwa upo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kwamba tabibu ameumbwa na Mungu na kwamba dawa zatoka ardhini kwa mapenzi yake, na kinamwambia mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi. Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa haujawahi kuwa mbadala wa hospitali. Kwa hiyo hakuna kiongozi wa kikundi cha sala, katika parokia yoyote, mwenye mamlaka ya kumwambia mtu aache dawa ili kuonyesha imani. Anayeombewa na aombewe, na kidonge chake akimeze saa yake ile ile.

Kwa wanandoa

Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti ujulikanao kama HPTN 052, uliowafuata wenzi 1,763 katika nchi tisa, Kenya ikiwamo, ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Kuanza dawa mapema kulipunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Tafiti za Ulaya zilizofuata hazikukuta hata mwenzi mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake ambaye virusi vyake vilikuwa havionekani tena kwenye kipimo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba mtu anayetumia dawa vizuri, na ambaye virusi vyake havionekani katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya tendo la ndoa. Kwa mama anayenyonyesha maelekezo ni ya namna yake, naye afuate anayopewa kliniki.

Habari hii haijafika vya kutosha katika semina zetu za ndoa. Wapo wachumba walioachana, na wanandoa wanaolala vyumba viwili, kwa sababu ya hofu ambayo sayansi imekwisha kuijibu. Hata hivyo hatumshauri mtu, hasa mwanamke anayemwogopa mumewe, akaseme peke yake nyumbani usiku. Washauri nasaha wa kliniki wanajua jinsi ya kuwakalisha wawili pamoja.

Vijana na vikundi

Kundi linalotutia wasiwasi zaidi ni vijana waliozaliwa na virusi. Bwenini hakuna faragha; kijana huona afadhali aruke dozi kuliko kuulizwa anameza nini. Nchini Zimbabwe, mpango wa Zvandiri uliwaandaa vijana wanaoishi na VVU wawatembelee na kuwasindikiza wenzao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba baada ya karibu miaka miwili, waliofariki au ambao virusi vyao havikufubaa walikuwa asilimia 25 kati ya waliosindikizwa, na 36 kati ya waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Nesi alikuwa yule yule na dawa zile zile. Kilichoongezeka ni mwenzao mmoja wa rika lao.

Mkoani Tete, Msumbiji, tangu mwaka 2008 wagonjwa walijiunga katika vikundi vidogo vya watu wasiozidi sita. Kila mwezi mmoja wao alisafiri kwenda kituoni na kuwachukulia wote dawa, akarudi nazo kijijini, na zamu ikazunguka. Tathmini ya mwaka 2011 ilikuta kuwa zaidi ya asilimia 97 ya wanakikundi walikuwa bado wanaendelea na tiba baada ya takriban mwaka mmoja. Tunaposoma habari hizo ni vigumu kutowaza Jumuiya zetu, nyumba chache zinazokutana kila wiki na zinazojua ni nani hakuonekana. Lakini tofauti ipo na ni kubwa: watu wa Tete walichaguana wenyewe. Jumuiya haina haki ya kumdai mtu siri yake, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inailinda siri hiyo. Jumuiya inachoweza kufanya ni kuuliza “Mambo?” bila kuwa na haja ya kujua zaidi.

Kwa msomaji ambaye dawa zake ziko koponi na hajazigusa kwa muda: rudi kliniki wiki hii, na kadi yako ya CTC. Kama imepotea, nenda hivyo hivyo; kumbukumbu zako zipo. Waambie ukweli ni lini uliacha, ili wapime wingi wa virusi na kuona kama dawa ile ile bado inafaa. Huduma ni bure kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Ukihofia kukutana na unayemfahamu, omba uhamisho kwenda kituo kingine. Unaruhusiwa, na huhitaji kueleza sababu. Hali yako ikitulia, unaweza kupewa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja, na safari zikapungua. Na kama unaweza, siku hiyo ya kwanza, nenda na mtu mmoja.